Maji Yaleyale ya Mlangoni: Maisha ya Mtakatifu Bernadette



Leo naomba nianze na jiwe. Kwenye kanisa la kijijini kwa bibi yangu, kule milimani, ukiingia tu mlango mkubwa, upande wa kulia kuna chombo cha maji ya baraka kilichochongwa kwa jiwe. Ni cha zamani sana. Pale kijijini hakuna mtu aliye hai anayekumbuka kanisa bila jiwe hilo. Ukingo wake umelika upande mmoja tu, ule unaoelekea mlangoni, kwa sababu ndipo vidole vya watu wanaoingia hugusa. Miaka na miaka ya vidole vya wakulima, wanafunzi, maharusi, na watu waliokuja kuzika wapendwa wao.

Nilipokuwa mdogo nilikuwa sikifikii. Bibi alikuwa ananinyanyua kwa mkono mmoja, mkono mwingine ameshika Rozari na kitabu cha nyimbo. Nachovya kidole, halafu ananiweka chini, anaushika mkono wangu na kuupeleka polepole: paji la uso, kifua, bega la kushoto, bega la kulia. Nikiharakisha, ananirudisha mwanzo. Yaani watu wanatupita, kengele inagongwa, na sisi bado tupo pale mlangoni tunarudia ishara ya msalaba. Nilikuwa naona aibu kweli.

Basi nikakua. Nikahamia mjini kusoma, nikawa mtu wa kuingia kanisani nimechelewa, simu mkononi, nachovya kidole kama mtu anayejaribu kama chai imepoa. Mwaka 2020, wakati wa korona, vyombo vile vikakaushwa, na sisi tukanawa kwa sabuni na vitakasa mikono. Ugonjwa ulipopungua maji yalirudi mlangoni. Mimi sikurudi. Nilikuwa nimezoea kupita tu.

Kilichonifanya nikasirike

Nitawaambia ukweli, kwa sababu hapa tunaongea kama ndugu. Mdogo wangu ana pumu. Siyo ile ya kukohoa kidogo wakati wa baridi. Ni ile ya kuamka saa nane usiku, amekaa kitandani ameinama mbele, mabega yanapanda na kushuka, na sauti ya filimbi inatoka kifuani mwake. Kama umewahi kukaa na mtu wa namna hiyo unajua. Huwezi kumsaidia kupumua. Unashika mkono wake, unatafuta dawa ya kuvuta, unatafuta usafiri, unasali.

Mwaka jana alizidiwa mara nne. Familia nzima tulifanya novena kwa Mama Maria wa Lourdes. Shangazi alituletea chupa ndogo ya plastiki yenye maji kutoka Lourdes, aliyopewa na mtu aliyekwenda kuhiji. Mdogo wangu akanywa. Sote tulilia, tuliamini. Baada ya wiki moja tukawa hospitali tena.

Jumapili iliyofuata nilikuwa kijijini kwa bibi. Nilipofika mlangoni pa kanisa nikaliangalia lile jiwe, nikaweka mikono mfukoni, nikapita. Safari hii haikuwa kusahau. Nilikataa makusudi. Moyoni nilimwambia Mungu kwamba maji yake hayafanyi kazi.

Sista mmoja anayetufundisha vijana alijua habari zetu. Hakunihubiria. Alinipa kitabu cha maisha ya Mtakatifu Bernadette, akaniomba nikisome chote, nisiishie kwenye pango. Mimi nilidhani namjua Bernadette. Si ndiye yule binti aliyepiga magoti mbele ya groto, ambaye sanamu yake ipo kwenye parokia nyingi? Kumbe nilikuwa najua miezi mitano tu ya maisha yake. Alivyoishi miaka thelathini na mitano sikujua kitu. Na hili la kwanza sikulijua kabisa: Bernadette alikuwa na pumu.

Mtoto wa kinu

Bernadette Soubirous alizaliwa tarehe 7 Januari 1844 katika mji mdogo wa Lourdes, chini ya milima ya Pyrenees, kusini mwa Ufaransa. Baba yake, François, alikuwa msagaji wa nafaka katika kinu kilichoitwa Boly, kinachoendeshwa kwa nguvu ya maji ya kijito. Mama yake aliitwa Louise. Siku mbili baadaye, tarehe 9 Januari, walimpeleka kwenye kanisa la parokia akabatizwa kwa jina la Marie-Bernarde. Siku hiyo wazazi wake walikuwa wanatimiza mwaka mmoja wa ndoa. Kanisa lile la zamani lilibomolewa baadaye, lakini kisima cha ubatizo alichobatiziwa kilitunzwa, na leo kipo katika kanisa la parokia la Lourdes. Mahujaji wengi hawafiki hapo, maana wote wanakimbilia pangoni. Lakini habari yake ilianza pale, kwenye maji ya parokia, miaka kumi na minne kabla ya pango.

Alipokuwa na miezi michache, mshumaa ulianguka na kumuunguza mama yake kifuani, akashindwa kunyonyesha. Bernadette akapelekwa kwa mama mmoja katika kijiji jirani cha Bartrès, mama aliyekuwa amefiwa na mtoto wake mchanga. Akanyonyeshwa huko.

Mambo ya nyumbani yakaanza kwenda mrama. Biashara ya kinu iliporomoka. Mwaka 1854 familia ililazimika kuondoka Boly, na baba akawa kibarua, leo ana kazi, kesho hana. Mwaka 1855 kipindupindu kikaingia Lourdes. Bernadette aliugua, akapona, lakini mwili wake haukurudi kama zamani. Akabaki mdogo wa umbo na mwenye pumu iliyomsumbua mpaka siku ya kufa.

Mwaka 1857 walifika chini kabisa. Hawakuwa na pa kulala, wakaruhusiwa kukaa kwenye chumba kimoja kilichokuwa mahabusu ya zamani ya mji, chumba kilichoachwa kutumika kwa sababu ya hali yake mbaya. Watu sita humo: baba, mama na watoto wanne. Chumba kina unyevu, mwanga kidogo, na mtoto wa pumu amelala humo! Mwaka huohuo baba yake alikamatwa, akashukiwa kuiba unga. Ushahidi haukuwepo. Inasemekana sababu ya kumshuku ilikuwa umaskini wake tu. Alikaa ndani siku kadhaa, akaachiwa.

Naomba usipite haraka hapa. Wapo kati yetu waliolala watu sita chumba kimoja. Wapo ambao baba zao walishukiwa kwa sababu tu ni maskini. Mungu alipotafuta mtu wa kumtuma kwa maaskofu na mapadre, aliingia kwenye nyumba ya namna hiyo.

Msichana aliyeshindwa katekisimu

Mwishoni mwa mwaka 1857 Bernadette alirudishwa Bartrès kwa yule mama aliyemnyonyesha, achunge kondoo na kusaidia nyumbani. Alitamani sana kupokea Komunyo ya kwanza. Jioni yule mama alijaribu kumfundisha katekisimu, lakini iliandikwa kwa Kifaransa, na Bernadette alijua lugha ya nyumbani tu, ile lahaja ya milimani kwao. Hakujua kusoma wala kuandika. Anakaririshwa sentensi, inatoka. Anakaririshwa tena, inatoka. Yule mama akakata tamaa na kumwona mjinga.

Bernadette hakubishana. Ila aliomba arudishwe Lourdes, na Januari 1858 akarudi kwenye kile chumba cha mahabusu. Sababu yake ilikuwa moja: apate mafundisho na ampokee Yesu. Alikuwa na miaka kumi na minne, akawekwa darasa moja na watoto wadogo zaidi yake.

Chupa ya maji ya baraka

Alhamisi tarehe 11 Februari 1858 nyumbani hapakuwa na kuni. Bernadette, mdogo wake Toinette na rafiki yao Jeanne walikwenda kuokota kuni mpaka mahali paitwapo Massabielle, kwenye mwamba kando ya mto Gave. Wenzake walivuka maji baridi. Yeye alibaki nyuma akivua soksi, kwa sababu mama yake aliogopa pumu yake. Akasikia kama mvumo wa upepo, lakini miti haikutikisika. Akatazama kwenye uwazi wa mwamba, akamwona binti kijana aliyevaa nguo nyeupe, mshipi wa buluu kiunoni, ua la waridi la manjano juu ya kila mguu, na Rozari mkononi.

Bernadette aliogopa. Akashika Rozari yake, akajaribu kufanya ishara ya msalaba, mkono ukagoma kupanda. Yule Bibi alipofanya ishara ya msalaba yeye kwanza, polepole, ndipo mkono wa Bernadette ulipoweza. Nilipofika hapa kwenye kitabu nilifunga kidogo. Nilimwona bibi yangu mlangoni, ameshika mkono wangu.

Sasa sikiliza kilichotokea Jumapili tarehe 14 Februari, maana hiki ndicho kilichonifanya niandike leo. Nyumbani walikuwa wamemkataza kurudi. Watu walimtisha kwamba huenda anayemwona ni pepo mchafu. Bernadette akafanya ambacho Mkristo yeyote wa parokia yake angefanya. Alichukua chupa, akaijaza maji ya baraka kanisani, ruhusa ikapatikana, akaenda pangoni na wenzake.

Yule Bibi alipotokea, Bernadette alisogea na kumrushia maji. Akamwambia kama ametoka kwa Mungu abaki, na kama sivyo aondoke. Yule Bibi akatabasamu na kuinamisha kichwa. Bernadette akaongeza maji. Kadiri alivyorusha ndivyo yule Bibi alivyotabasamu zaidi, mpaka chupa ikaisha.

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Huyu ni msichana asiyejua kusoma, hana katekisimu kichwani, anakutana na jambo kubwa kuliko yeye. Silaha aliyonayo ni moja, maji ya mlangoni pa kanisa. Maji yaleyale ya bure, ambayo mimi napita bila kuyatazama. Na Mama wa Mungu hakukasirika kupimwa. Alifurahi! Maana maji hayo yanakumbusha ubatizo, na ubatizo ni kumvaa Mwanae.

Kisima cha matope

Tarehe 18 Februari yule Bibi alizungumza naye kwa mara ya kwanza. Alimwomba, kwa heshima kubwa ambayo Bernadette hakuwahi kuonyeshwa na mtu, afanye hisani ya kuja pale kwa siku kumi na tano. Na alimwambia wazi kwamba hamwahidi furaha katika dunia hii, bali katika ile nyingine. Hebu kumbuka neno hilo. Tutalirudia.

Watu wakaanza kumfuata, kwanza wachache, halafu mamia, halafu maelfu. Mkuu wa polisi wa mji, Jacomet, akamhoji, akajaribu kumchanganya kwa kubadilisha maneno yake. Bernadette alimrekebisha kila mara. Hakudai kwamba amemwona Bikira Maria. Alisimulia alichoona, basi.

Tarehe 25 Februari, mbele ya umati, yule Bibi alimwelekeza anywe na kunawa kwenye chemchemi. Chemchemi haikuonekana. Bernadette alielekea mtoni, akaonyeshwa kwamba siyo huko, ni ndani ya pango. Akapiga magoti, akachimbua ardhi kwa mikono. Yakatoka matope. Mara tatu alishindwa kuyameza, mara ya nne akayanywa. Akageuka uso umejaa matope. Watu wakaona aibu kwa niaba yake, wakasema amerukwa na akili. Wengi waliokuwa wanamwamini asubuhi waliondoka wakimdharau. Lakini yale matope yaliendelea kutoka, yakasafika, na mpaka leo chemchemi hiyo inatoa maji.

Tarehe 2 Machi akapewa kazi ngumu zaidi: awaambie mapadre wajenge kikanisa hapo na watu waje kwa maandamano. Paroko wake, padre Peyramale, alikuwa mtu mkali, na Bernadette alimwogopa kuliko polisi. Akaenda tu. Paroko akataka kujua jina la huyo Bibi, tena akataka mti wa waridi pale pangoni uchanue katikati ya baridi. Waridi halikuchanua. Jina likaja.

Ilikuwa tarehe 25 Machi, sikukuu ya Kupashwa Habari Bikira Maria. Yule Bibi alijitambulisha, kwa lugha ya nyumbani kwa Bernadette, kuwa ndiye Mkingiwa Dhambi ya Asili. Bernadette hakuelewa maana yake. Njia nzima kwenda kwa paroko alikuwa anayarudia maneno hayo ili asiyasahau. Papa Pio IX alikuwa ametangaza fundisho hilo tarehe 8 Desemba 1854, miaka michache tu nyuma, lakini msichana aliyeshindwa katekisimu angelitoa wapi? Yule paroko mkali alitikisika. Kuanzia hapo akawa mtetezi wake.

Tarehe 3 Juni 1858 Bernadette alipokea Komunyo ya kwanza aliyoitamani. Na tarehe 16 Julai alimwona Mama Maria kwa mara ya kumi na nane na ya mwisho hapa duniani. Serikali ilikuwa imezungushia pango uzio, kwa hiyo aliangalia kutoka ng'ambo ya mto. Tarehe 18 Januari 1862 askofu wa Tarbes, Laurence, baada ya uchunguzi mrefu, alitangaza kwamba waamini wana haki ya kuamini kuwa matokeo yale ni ya kweli.

Sehemu ambayo sikuijua

Mimi ningeishia hapo. Lakini Sista alisema nisome chote.

Wagonjwa walianza kupona kwa maji ya ile chemchemi, na Kanisa, likichunguza kwa ukali sana pamoja na madaktari, limekubali takribani matukio 70 kuwa miujiza. Ila Bernadette mwenyewe, aliyechimbua chemchemi kwa vidole vyake, hakupona pumu. Hata mwaka ule wa 1858 alipelekwa mahali pengine kwenye maji ya moto kutafuta nafuu ya kifua. Daktari alimwandikia ugoro kwa ajili ya pumu, akawa na kikopo chake cha ugoro hata utawani. Alikunywa dawa, alimsikiliza daktari, na aliendelea kusali. Hakuona ugomvi kati ya mambo hayo.

Mahujaji walimletea pesa na zawadi. Alikataa. Familia yake ilikuwa na njaa, na bado alikataa. Aliposikia watu wanamsifu alikimbia. Alikaa miaka kadhaa kwa masista wa Nevers walioendesha nyumba ya wagonjwa na shule pale Lourdes, akajifunza kusoma na kuandika, akasaidia wagonjwa, na hatimaye akaomba kujiunga na shirika lao.

Mwezi Julai 1866 aliaga pango, akasafiri mpaka Nevers, mbali kaskazini. Hakurudi Lourdes tena. Siku ya pili baada ya kufika alisimulia matokeo mbele ya masista wote, kisha akaamriwa asiyazungumzie tena. Akavalishwa vazi la kitawa na kupewa jina la Sista Marie-Bernard. Tarehe 8 Desemba mwaka huohuo, sikukuu yenyewe ya Mkingiwa, mama yake alifariki Lourdes. Binti hakuweza kwenda kuzika.

Mlezi wa wanovisi alimwona wa kawaida mno, akawa mgumu kwake. Mwaka 1867, siku ya nadhiri, wenzake walipangiwa kazi katika nyumba mbalimbali. Yeye alitajwa mbele ya wote kama mtu asiyefaa kwa lolote, na askofu akampa kazi ya kusali. Alisaidia kwenye chumba cha wagonjwa, akawa muuguzi mzuri, mchangamfu, mwenye kuwachekesha wagonjwa. Baadaye akafanya kazi sakristia. Alijifananisha na ufagio: Mama Maria alimtumia, kazi ilipokwisha akarudishwa nyuma ya mlango, na pale nyuma ya mlango alikuwa na furaha.

Mwaka 1876 kule Lourdes basilika ikawekwa wakfu kwa sherehe kubwa sana. Yeye hakuwepo. Wakati wengine wanaimba pangoni, yeye alikuwa anapigania pumzi katika Nevers. Goti lake lilishambuliwa na kifua kikuu cha mifupa, likavimba, kila mguso ukawa mateso. Usiku mwingi hakulala. Alikuwa na msalaba mkononi, na alipokosa nguvu ya kuushika aliomba ufungwe kwake.

Jumatano ya Oktava ya Pasaka, tarehe 16 Aprili 1879, akiwa na miaka thelathini na mitano, alifariki akijiombea kama mkosefu kwa Mama wa Mungu. Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri mwaka 1925, na Papa Pio XI akamtangaza Mtakatifu tarehe 8 Desemba 1933. Mwili wake umewekwa Nevers katika sanduku la kioo, uso na mikono vikiwa vimefunikwa kwa nta nyembamba. Lakini hakutangazwa Mtakatifu kwa sababu ya mwili kutooza, wala kwa sababu alimwona Bikira Maria. Alitangazwa kwa sababu ya namna alivyopenda na kuvumilia, hasa katika miaka ile ambayo hakuona kitu.

Na kuna jambo moja ambalo masista wenzake walilikumbuka: jinsi Bernadette alivyofanya ishara ya msalaba. Taratibu, kubwa, yote. Alijifunza kwa Mama Maria pale pangoni, akaifanya hivyo hadi mwisho. Wengine walitaka kuigeza wakishamwona tu.

Kurudi mlangoni

Nilipomaliza kitabu sikupata jibu la swali langu. Sijui kwa nini wengine wanapona na mdogo wangu hajapona. Lakini nilielewa kwamba nilikuwa nimeelewa maji vibaya. Nilidhani maji ya baraka ni dawa ambayo Mungu ameisahau kuitia nguvu. Kanisa halifundishi hivyo. Maji ya baraka ni kisakramenti: yanatuandaa kupokea neema na yanatukumbusha ubatizo wetu, tuliouahidi tena Mkesha wa Pasaka tukiwa na mishumaa mikononi. Ukichovya kidole pale mlangoni unasema wewe ni wa nani. Ni wa Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu, ukiwa mzima au ukiwa unapigania pumzi.

Bernadette hakuahidiwa furaha ya dunia hii. Alijua, akaenda hivyohivyo. Siku ya pango na siku ya kitandani alikuwa mtoto yuleyule wa kisima kilekile cha ubatizo. Hilo halikumtoka.

Krismasi tulikwenda wote kwa bibi. Sasa ni mzee, hawezi kuninyanyua tena, na anatembea kwa kushikiliwa. Mdogo wangu alikuwa na dawa yake ya kuvuta mfukoni, kama kawaida. Kwenye mlango wa kanisa nikasimama. Mikono ilikuwa mizito kidogo, sitawadanganya. Nikachovya vidole, nikamgusa mdogo wangu mkono ili naye apate maji kutoka kwangu, halafu nikamgeukia bibi nikampa naye. Tukafanya ishara ya msalaba watatu, polepole. Watu walitupita. Kengele ikagongwa. Safari hii sikuona aibu.

Mdogo wangu bado ana pumu. Jana usiku alikohoa. Tulimpa dawa, tukasali, akalala.

Zoezi la wiki hii

Jumapili hii fika kanisani dakika tano mapema. Zima simu kabla ya mlango. Chovya vidole, fanya ishara ya msalaba taratibu ukitaja kila jina. Taja moyoni mtu mmoja mgonjwa. Na kama hujui tarehe ya ubatizo wako, waulize wazazi au angalia cheti chako, uiandike mahali. Tarehe 11 Februari ni Siku ya Wagonjwa Duniani, iliyoanzishwa na Papa Yohane Paulo II. Usiishie kwenye Misa, katembelee mgonjwa mmoja. Bernadette angekwenda.

Tusali

Ee Mungu Baba yetu, ulitupokea kwa maji tukiwa hatujui hata kuyafikia. Utushike mikono yetu na uiongoze. Uwape pumzi wote wanaohangaika usiku huu, uwape nguvu wanaowauguza, na uwaongoze madaktari na wauguzi. Ukituponya, tukushukuru. Tukisubiri, tusikuache. Tunaomba hayo kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Mama Maria wa Lourdes, utuombee.
Mtakatifu Bernadette, utuombee.